Kupasuliwa au Kutibiwa Bila Kisu: Ulinganisho kwa Mgonjwa wa Mgongo, Mishipa ya Fahamu na Ubongo Aliye Tanga

Kwa miaka mingi nimewahudumia kwa fiziotherapia wagonjwa wa mgongo na mishipa ya fahamu hapa Tanga, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Nipasuliwe, au niendelee na dawa na mazoezi?" Huniuliza kuli wa bandarini aliyeshikwa na kiuno, huniuliza mama wa Makorora anayeamka usiku akikung'uta mikono iliyokufa ganzi, na huniuliza kijana aliyemleta baba yake kutoka Muheza akiwa ameshika bahasha kubwa ya picha. Wengi huwa wamekwisha kuamua kabla hawajafika, kwani mmoja anaamini kwamba aliyepasuliwa mgongo hatembei tena, na mwingine anaamini kwamba asiyepasuliwa hajatibiwa. Imani zote mbili zimewaumiza watu ninaowafahamu, ndiyo maana nimeona niulinganishe ugonjwa mmoja baada ya mwingine, maana jibu hugeuka kabisa kulingana na ugonjwa wenyewe.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote. Maumivu peke yake, hata yawe makali kiasi gani, kwa kawaida huacha nafasi ya kujaribu tiba zisizo za kisu. Udhaifu unaoongezeka, ganzi inayopanda na mkojo usiodhibitika haviachi nafasi hiyo. Mgonjwa hupima ugonjwa wake kwa maumivu, lakini daktari wa upasuaji huupima kwa kazi ambayo mshipa umeanza kushindwa kuifanya, na hapo ndipo wawili hao wanapopishana mara nyingi.

Pale ambapo hakuna la kuchagua

Mwisho wa uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, mishipa ya fahamu hushuka kwa pamoja kama mkia wa farasi. Disiki kubwa (mto ulio kati ya mifupa ya mgongo) ikisukumwa nyuma na kuibana yote kwa mara moja, mgonjwa hufa ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo huziba au hutoka bila yeye kujua, haja kubwa humponyoka, na miguu yote miwili huweza kulegea. Hali hii ni ya dharura. Inatakiwa mishipa iondolewe mgandamizo huo haraka iwezekanavyo, na madaktari wengi hulenga kufanya hivyo ndani ya saa 48, kwa sababu mshipa wa kibofu uliokwisha kufa hausikii dawa wala mazoezi.

Nilimpokea bwana mmoja ambaye kwa siku sita alikuwa akitibiwa tezi dume mahali fulani kwa kuwa mkojo ulikuwa umeziba, na hakuna aliyemuuliza kama bado anajihisi anapojisafisha msalani. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hajihisi kabisa, na kwamba aliona aibu kulisema jambo hilo mbele ya binti yake aliyekuwa amemsindikiza. Alipasuliwa hatimaye, miguu ikarudi, lakini mpira wa mkojo haujamtoka hadi leo. Ninamkumbuka kila ninapomwambia mgonjwa kwamba kwa daktari hakuna aibu katika mambo ya msalani.

Mtu aliyepata ajali ya bodaboda ambaye usingizi unazidi kumlemea, anayetapika mfululizo au ambaye upande mmoja wa mwili umelegea, naye hana la kuchagua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali ya Bombo bila kusubiri asubuhi.

Disiki na maumivu yanayoshuka mguuni

Hapa ndipo penye wagonjwa wengi, na hapa ndipo uchaguzi ulipo hasa. Kati ya pingili moja ya mfupa wa mgongo na nyingine pana disiki, yaani mto wa gegedu wenye ute mzito katikati. Ukingo wake ukichanika, ute huo hutokeza na kuugusa mshipa unaoelekea mguuni, na mgonjwa huhisi moto au umeme unaotoka kalioni, ukipita nyuma ya paja hadi unyayoni. Wengi hueleza kwamba mguu huwasumbua kuliko mgongo wenyewe, na maelezo hayo ni muhimu sana, kwa sababu upasuaji wa disiki hutibu mguu. Maumivu ya kiuno peke yake, yasiyoshuka popote, ni habari nyingine, na tafiti za Uingereza na Norway zilizolinganisha upasuaji wa kuunganisha pingili na mazoezi ya kina hazikuona faida kubwa ya kisu kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Tuanze na upande wa kutopasuliwa. Mwili una uwezo wa kukiyeyusha kipande cha disiki kilichotoka, na la ajabu ni kwamba vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo hunywea zaidi kuliko vile vilivyovimba kidogo tu. Kazi ya tiba isiyo ya kisu, basi, ni kumvusha mgonjwa kipindi hicho akiwa anatembea, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Kulala kitandani mfululizo hakusaidii. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha wagonjwa waliolazwa na walioambiwa waendelee na shughuli kadiri wawezavyo, na waliolala hawakupona mapema zaidi. Dawa kama ibuprofen na diclofenac hupunguza maumivu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu asizinunue dukani kwa kuelekezwa na jirani. Pregabalin, ambayo naiona kwenye vyeti vingi, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 209 wa maumivu haya ya mguu, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa, huku kizunguzungu kikiwa kingi kwa walioimeza. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na mshipa huweza kutuliza mguu kwa wiki kadhaa, na kwa mtu anayehitaji kulala usingizi ili aweze kufanya mazoezi, wiki hizo si haba.

Upande wa kisu nao una haki ya kusikilizwa. Upasuaji wa kuondoa kipande cha disiki hufanywa chini ya nusu kaputi, kwa tundu dogo mgongoni, huchukua takriban saa moja, na wengi husimama siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Nimeona wagonjwa waliofika wakilia wakaamka mguu ukiwa mwepesi. Hatari zipo, nazo ni maambukizi ya kidonda, kupasuka kwa utando unaofunika mishipa, mara chache kuumia kwa mshipa wenyewe, na disiki ile ile kutoka tena, jambo linalompata takriban mmoja kati ya wagonjwa 10 hadi 20. Hatari ya kupooza, ambayo ndiyo huogopwa kuliko zote mitaani, ni ndogo sana katika upasuaji wa kiunoni.

Utafiti ulionisaidia zaidi kuwashauri watu ni wa Uholanzi pia, uliochapishwa mwaka 2007, wa wagonjwa 283 waliokuwa wameteseka na mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, na nusu walipangiwa kuendelea bila kisu, kwa makubaliano kwamba watakaoshindwa watapasuliwa baadaye. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Mwaka ulipotimia, hata hivyo, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Katika lile kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo, kwa mgonjwa asiye na udhaifu, kisu huununua muda zaidi kuliko kinavyobadilisha mwisho wa safari, na kila mtu ndiye anayejua muda wake una thamani gani. Mwalimu mwenye likizo na bima anaweza kusubiri miezi mitatu. Mchuuzi wa samaki wa Deep Sea, ambaye watoto hawali asiposimama, anaweza kuona kwamba miezi mitatu ni mingi mno, na mimi simlaumu akichagua kisu, mradi asukumwe na mguu wake na si na picha tu.

Nasema hivyo kuhusu picha kwa makusudi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliokusanya picha za uti wa mgongo za watu wasio na maumivu yoyote ulikuta disiki zilizovimba kwa asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Maneno "pingili zimesagika" kwenye karatasi ya majibu ya mtu wa miaka 60 ni kama kumwambia ana mvi. Picha hupewa uzito pale tu inapolingana na mguu unaouma na mshipa uliopimwa kwa mikono ya daktari.

Kuhusu kuchua na kuumika, ambavyo pwani yetu imevizoea tangu zamani, maoni yangu ni haya. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta ya nazi hulegeza misuli iliyokakamaa na humfariji mgonjwa, nami simkatazi mtu. Hakurudishi disiki ndani, na mtu anayekandamiza mgongo kwa magoti au kuukanyaga anaweza kugeuza maumivu ya kusubiri kuwa udhaifu wa kupasua.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo

Mgonjwa wa namna hii hupotea katikati ya wagonjwa wa disiki, na kumkosea ni hatari. Maumivu yake hayapungui hata akilala, amekonda, usiku hutoka jasho, na pengine mgongo umeanza kutokeza kibyongo. Hapa mkono wa kuchua usiguse kabisa, na hata mimi mazoezi ya kukunja mgongo siyatoi kabla ya vipimo.

Wengi hudhani kwamba mfupa ulioliwa lazima upasuliwe. Kuanzia miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilisimamia majaribio Korea, Hong Kong na Bulawayo, na ikaonekana kwamba wagonjwa wengi walipona kwa vidonge vya kifua kikuu huku wakitembea na kuishi nyumbani, na kwamba kulazwa kwa miezi au kuvikwa plasta ya mwili hakukuongeza kitu. Faida ya upasuaji mkubwa uliofanywa Hong Kong ilikuwa hasa kuzuia mgongo usipinde zaidi. Kwa hiyo dawa ndizo tiba, nazo hutolewa bure katika vituo vya serikali kwa miezi mingi, mara nyingi miezi 9 hadi 12 kwa kifua kikuu cha mifupa, na kisu huongezwa kwa yule ambaye miguu inazidi kupooza, mwenye usaha unaobana uti, au ambaye pingili zimeporomoka. Aliyepasuliwa akaacha vidonge hajatibiwa.

Mikono inayokufa ganzi

Mama mmoja wa Chumbageni hudarizi kofia za viua. Aliniletea kofia aliyoishindwa katikati, nikaona vitundu vya mwanzo vimepangika sawasawa kama punje za mchele, na vya mwisho vimetawanyika. Alisema kwamba usiku vidole vitatu vya kwanza humwamsha kwa ganzi, na akivikung'uta hupata nafuu. Huyu mshipa wake umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na ugonjwa wake ni mwepesi kuamua. Ataanza na gango la kunyoosha kifundo wakati wa kulala kwa wiki kadhaa, na sindano ya steroidi ikihitajika. Asipopona, au msuli wa chini ya dole gumba ukianza kunywea, atapasuliwa kwa ganzi ya mkono tu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2002 uliolinganisha njia hizo ulikuta, baada ya miezi 18, asilimia 90 ya waliopasuliwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 75 ya waliopangiwa gango, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Kwa maoni yangu huu ndio upasuaji usiostahili kuogopwa hata kidogo.

Mgonjwa mwingine huleta malalamiko yanayofanana na hayo, lakini mikono yote miwili imekuwa mizito, sarafu humponyoka, vifungo vya shati humshinda, na akitembea miguu imekakamaa kama ya mtu anayepita matopeni. Huyu uti wake unabanwa shingoni. Mazoezi yangu hayaukunjui uti uliobanwa, na ugonjwa ukiwa wa wastani au mkali, upasuaji ndio tiba. Lengo lake la kwanza ni kuzuia hali isizidi kuharibika, na kurudi kwa nguvu zilizokwisha kupotea hakuna uhakika, kwa hiyo kuchelewa kunagharimu. Mtu wa aina hii asikubali kabisa kinyozi amalizie kunyoa kwa kumgeuza shingo hadi pingili zialike.

Mfereji uliosinyaa wa wazee

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli imenifundisha ugonjwa huu kuliko vitabu. Mzee anafika akisema kwamba hawezi kutembea mwendo mrefu kwa sababu miguu huwa mizito na kuwaka moto mpaka achuchumae, lakini amekuja kwa baiskeli kutoka Mabawa bila taabu. Anayeendesha baiskeli huinama, na kuinama hupanua kidogo mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa kwa umri, ilhali kusimama wima huufinya. Mtu mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni huteseka hata juu ya baiskeli, kwa hiyo jibu la swali hilo moja husaidia kutofautisha magonjwa mawili yenye tiba mbalimbali.

Kwa ugonjwa huu sikimbilii upande wowote. Upasuaji wa kutoa sehemu ya mfupa wa nyuma ya pingili humrudishia mwendo mzee ambaye mazoezi yameshindwa kumsaidia. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 uliolinganisha upasuaji huo na fiziotherapia ulikuta makundi mawili yakikaribiana baada ya miaka miwili, ingawa zaidi ya nusu ya waliopangiwa mazoezi walikuwa wameamua kupasuliwa njiani. Ugonjwa wenyewe huenda polepole, na wazee wengi hubaki hali ile ile kwa miaka. Kisukari, moyo na presha navyo huingia kwenye hesabu kabla ya nusu kaputi.

Ubongo, kwa kifupi

Katika ubongo uchaguzi wa mgonjwa huwa mdogo zaidi, lakini mambo machache watu huyashika vibaya. Mzee aliyeteleza wiki kadhaa zilizopita, ambaye sasa amechanganyikiwa, anasinzia na kuburuta mguu, husemwa kwamba ni uzee au kwamba ana jini. Huenda ni damu inayovilia taratibu chini ya fuvu, na kuitoa kwa matundu madogo ya fuvu ni miongoni mwa upasuaji wenye matunda makubwa kwa wazee. Kifafa, kwa upande mwingine, huanza kwa vidonge, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wagonjwa hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila degedege wakitumia dawa ipasavyo. Si kila uvimbe wa ubongo ni wa kisu pia. Upo uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo unaomfanya mwanamke akose hedhi na kutokwa maziwa bila kuwa na mtoto, nao mara nyingi hunywea kwa vidonge peke yake. Mtoto ambaye kichwa kinakua kupita kiasi kwa maji yanayojaa ubongoni asisubirishwe nyumbani, kwani upasuaji upo wa namna mbili, mpira wa kushusha maji tumboni au tundu la ndani la kupitisha maji. Jaribio la watoto 100 lililofanyika Mbale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam

Upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa mtu wa Tanga mara nyingi humaanisha rufaa hadi Taasisi ya Tiba ya Mifupa, Ubongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili, MOI, na kwa hiyo gharama yake si kitanda na dawa tu, bali pia ndugu atakayeuguza, mahali atakapolala, na kurudi kliniki baadaye kwa safari ya basi ambayo mgongo uliopasuliwa hivi karibuni haiipendi. Hesabu hiyo ifanywe mapema na familia ikiwa imekaa pamoja, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mgonjwa amwombe daktari amweleze kwa Kiswahili cha kawaida ni mshipa gani unaobanwa, kama picha inalingana na dalili zake, ni dalili ipi hasa ambayo upasuaji unalenga kuiondoa, na nini kinatarajiwa akisubiri miezi mitatu. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Naye aende na kumbukumbu yake mwenyewe. Barabara za Ngamiani zimepewa namba, nami huwatuma wagonjwa wangu wazihesabu. Mzee wangu mmoja alianza kwa kupita barabara nne kabla ya kutafuta baraza la kukaa, baada ya wiki nane za mazoezi akafika tisa, akarudi kwa daktari na karatasi yake, na wakakubaliana kusubiri. Mwenzake alishuka kutoka sita hadi mbili katika muda huo huo, kidole gumba cha mguu kikaanza kushindwa kuinuka, na wiki iliyofuata tulimwandikia rufaa.